Deki ya Bure

Watu watatu walisema sitaweza, nami nitawataja kwa kufuata ukali wa maneno yao.

Wa kwanza alikuwa baba mdogo, aliyetangaza mbele ya wageni kwamba diploma hailimi migomba. Wa pili alikuwa Mzee Kagaruki, fundi redio wa Kayanga. Alikitazama cheti changu kwa miwani iliyofungwa uzi, akanirudishia, akasema msimu wa kahawa hautanikuta hapa. Nitakuwa nimesharudi Dar es Salaam nilikotoka. Wa tatu alikuwa Mama Kemilembe, jirani wa mama yangu kule Nyakatuntu. Yeye habari ya kazi hakuigusa. Aliniona nikishuka kwenye gari na sanduku langu, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni, akamwambia mama yangu, "Huyu mgongo wake umenyooka mno. Hataweza kuinama."

Leo nimestaafu, na karakana nawaachia ninyi vijana. Baba mdogo aliniletea redio yake ileile mara nane, na kila mara ilitoka ikiimba. Kagaruki akawa mwalimu wangu. Mama Kemilembe nitamfikia mwisho, kwa sababu yeye mwenyewe alihakikisha namfikia mwisho.

Sitaandika nilipata kiasi gani. Nyumba yangu ya bati la bluu iko kando ya barabara, haijifichi. Naandika yale ambayo hamtayakuta kwenye vitabu, ingawa vitabu mimi nilivisoma vyote.

Siku yangu ya kwanza nilifungua kibanda karibu na stendi ya Kayanga. Nilikuwa na meza, mita mpya, bisibisi za saizi sita, chuma cha kulehemu, na cheti ukutani ndani ya fremu ya kioo. Mteja wa kwanza alitoka Chonyonyo na redio isiyotoa sauti. Niliifungua yote. Nikamweleza safari ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye spika, kwa muda wa kama nusu saa, na alisikiliza kwa adabu kama mtu aliye kanisani. Nikaifunga. Kimya. Nikaifungua tena. Kagaruki, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, akavuka pole pole, akaichukua redio, akaitikisa sikioni, akafungua mlango wa betri na kugeuza moja iliyokuwa imewekwa kichwa chini. Redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo.

"Diploma," aliniambia, na tangu siku hiyo jina langu likawa hilo, "kwanza sikiliza. Kisha nusa. Kufungua ni mwisho."

Wiki iliyofuata nilihamia kwenye meza yake. Watu husema alinichukua kwa huruma. Ukweli ni kwamba nilimsaidia kwa kumruhusu anifundishe, maana mzee yule alikuwa na mambo mengi kichwani na hakuwa na mtu wa kiwango changu wa kumwachia.

Aliniachia mengi. Alinionyesha jinsi vumbi letu jekundu linavyoingia hata pale ambapo hewa haipiti, na kwa nini brashi laini ya kupakia rangi inafaa kuliko kupuliza kwa mdomo. Alinifundisha kwamba mende hupenda deki kwa sababu ya joto lake, na kwamba ukimkuta mmoja ujue familia nzima iko nyuma ya transfoma. Wakati wa deki za kanda alipokea moja kutoka Kaisho ambayo mwenyewe aliapa inacheza peke yake bila kuguswa. Waganga wawili walikuwa wameshaitwa. Kagaruki akaisikiliza, akainusa, akaifungua, akatoa mjusi aliyekuwa akipita juu ya kitufe kila akienda kunywa maji kwenye sahani ya maua. Maneno yake makubwa kuliko yote, ambayo nawaomba myaandike ukutani mahali palipokuwa na cheti changu, yalikuwa haya: usiulize mashine ina nini, muulize mwenye mashine anataka kuona nini.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniokoa katika kazi ya Alhaji.

Alhaji alikuwa mfanyabiashara wa duka la jumla pale mjini. Babu zake walitoka Tanga, na ingawa yeye alizaliwa Kayanga, alizungumza kana kwamba ameshuka jana kutoka pwani. Alijenga nyumba, na ndani ya nyumba akajenga chumba cha sinema: mapazia mazito, viti kumi na viwili vya kulalia, tivii pana kama mlango, na spika sita kila moja ina mahali pake. Kilichobaki kilikuwa deki. Aliniita, akanikalisha kwenye kimoja cha viti vile, nikazama hadi magoti yakanifika kidevuni.

"Fundi wangu, mie sitaki maneno mengi," alisema. "Nataka deki ya blu-rei iliyo bora kupita zote. Wameniambia wewe huwezi, hizo zataka fundi wa Mwanza."

Mnaelewa kwamba baada ya kauli hiyo kazi ilikuwa yangu hata kama ningeifanya bila malipo. Lakini nilikumbuka somo. Nikamuuliza anataka kuona nini.

Akainuka kitini. Kisha akanipeleka uani kwa mama yake, Bi Zuhura, ambaye miguu ilikuwa imekataa safari. Mjukuu wake alikuwa ameolewa Tanga, yeye hakuweza kwenda, na mpiga picha alikuwa ameiweka arusi yote kwenye diski moja ya blu-rei, kwa sababu picha yake ni safi mara nyingi kuliko ya DVD. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Deki zote za Kayanga zilikuwa za DVD na kila moja iliitema kama mtoto anavyotema dawa. Bi Zuhura alikuwa akiiweka diski chini ya mto. Jioni aliitoa, akaitazama upande unaong'aa, akaona uso wake mwenyewe, akairudisha.

"Mwanangu," aliniambia, "kila mtu aniambia bibi arusi alipendeza. Nimechoka kuambiwa."

Nikamwahidi kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata ataiona arusi. Sikuwa bado na deki, lakini ahadi nilikuwa nayo.

Sasa sikilizeni jinsi deki inavyochaguliwa, kwa maana mambo haya hayazeeki hata mashine zikibadilika. Nilikusanya tatu. Ya kwanza ilikuja na basi kutoka Dar, ina taa za rangi nne na kioo kinachoandika "karibu". Ya pili ilipitia mpakani Murongo kutoka Kampala, nyeusi, nyembamba, haina makuu. Ya tatu ilikuwa imetumika, zawadi ya mpwa wa Alhaji aliyeko ng'ambo, nzito kama jiwe la kusagia.

Jambo la kwanza ni kibandiko cha nyuma. Ile ya ng'ambo ilitaka umeme nusu ya wetu. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja inakuwa jiko. Mimi nilikuwa karibu kabisa kukisoma kibandiko hicho, plagi ikiwa tayari mkononi, Kagaruki akaniwahi kidogo kwa kunishika kiganja. Ndani ya dakika chache tukagundua pia kwamba diski za filamu za dukani zimegawanywa kwa kanda za dunia, na deki ile ilikuwa ya kanda nyingine, kwa hiyo filamu zinazouzwa Afrika isingezisoma. Ikawekwa pembeni.

La pili ni matundu. Spika za Alhaji ziliendeshwa na amplifaya ya zamani isiyojua waya wa HDMI. Deki nyingi mpya zina tundu la HDMI peke yake. Ukinunua hiyo utapata picha kwenye tivii na ukimya kwenye spika sita. Ile ya Kampala ilikuwa na HDMI kwa ajili ya picha, na nyuma kabisa, kama mtu aliyeona haya, ilikuwa na matundu mekundu na meupe ya sauti.

La tatu ndilo kubwa: je, inasoma diski iliyorekodiwa na mpiga picha kwenye kompyuta yake, au inasoma za kiwandani tu? Na je, inavumilia mikwaruzo? Ya Bi Zuhura haikutoka chini ya mto kabla ya Jumamosi, na diski mpya kila deki itaisoma. Kagaruki alikwenda nyumbani akarudi na diski aliyoitungua kwenye shamba lake la maharage, ambako ilikuwa imening'inia tangu masika ikitisha ndege. Ilikuwa na tundu la ziada la uzi. Deki yenye taa nne iliionja, ikaandika "karibu", ikaitema. Ya Kampala iliizungusha, ikakohoa, ikasita, ikatoa kwaya inayoimba bila vichwa, maana sehemu ya juu ya picha ilikuwa imeliwa na jua.

"Hii ndiyo," alisema Kagaruki.

Alhaji alikuja kuikagua, akaizunguka mara mbili. "Mbona haina taa? Wageni watajuaje kama imewaka?"

"Watatazama tivii, Alhaji."

Hapo ningeishia na sifa zangu tu. Lakini Alhaji alitaka mji ujue kwamba kwake kuna kitu kisicho kwa mwingine, na tena alifikiria kuanza kuziuza. Akamkodi Kamugisha, mwenye pikipiki iliyofungwa kipaza sauti, atangaze siku tatu. Tangazo nililiandika mimi, kwa mkono wangu uliosoma. Ili liwe fupi nililipunguza mpaka likabaki hivi: "Jumamosi, kwa Alhaji, deki ya blu-rei. Wote mnakaribishwa." Neno "kuona" nililikata. Naliona hadi leo, limelala pale kwenye karatasi na mstari juu yake.

Kamugisha ni mzaliwa wa Kaisho, na ulimi wa kwao hauna subira na herufi zinazobanana. Blu-rei mdomoni mwake ilikuwa "burure". Ikaingia kwenye kipaza sauti ikiwa "burure", ikapita mabondeni na upepo, na ilipofika kwenye migomba ya watu ilikuwa imebaki neno moja ambalo kila mtu analielewa kwa Kiswahili, Kinyambo na Kihaya.

Deki ya bure. Wote mnakaribishwa.

Jumamosi saa nne asubuhi nilifika kwa Alhaji nimevaa koti, nikakuta watu wamejaa kuanzia getini hadi barabarani. Walitoka Chonyonyo kwa gari la kubebea ndizi. Walitoka Kaisho na Nyakatuntu. Walikuwa na magunia, kamba, vitambulisho, na wengine walikuja na picha ndogo za pasipoti kwa tahadhari. Msinicheke wala msiwacheke. Mara ya mwisho watu hawa kuambiwa bure ilikuwa vyandarua, na vyandarua vilikuja kweli. Mbele ya foleni alisimama mtendaji wa kijiji kimoja cha huko Kaisho, ana orodha yenye mhuri.

"Fundi, hongera kwa kazi," alisema. "Kwangu kuna kaya hamsini na mbili. Deki ziko wapi?"

"Deki ni moja."

"Moja kwa kila kaya."

"Moja, mtendaji."

Akafikiri. "Moja kwa kijiji?"

"Ni moja tu. Ya kuona."

Alitazama orodha yake, akautazama umati, akanitazama tena. "Sasa bure yenyewe iko wapi?"

Swali hilo lilirudi nyuma kwenye foleni likipokewa na mdomo hadi mdomo, na kila lilipofika lilizidi ukubwa. Baba mdogo, ambaye naye alikuwa amekuja na gunia, akasema kwa sauti kwamba yeye alishaonya kuhusu diploma tangu mwanzo. Geti likaanza kusukumwa. Ndani, Bi Zuhura alikuwa ameshavalishwa kanga mpya na kubebwa hadi kwenye kiti cha mbele, diski iko mapajani. Chumba kilikuwa cha watu kumi na wawili. Na kama vile haikutosha, umeme ukakatika.

Alhaji alininong'oneza, "Fundi, wakinivunjia geti, mie nalivunja jina lako."

Kagaruki alikuwa amekaa kwenye ngazi akiwasikiliza watu kama anavyosikiliza redio. "Hawana hasira," aliniambia. "Wameambiwa neno, wanalitaka neno lao. Wape."

Nikapanda juu ya kiti. Kuhutubia sikuwahi kuogopa. Niliwaambia kwamba deki ni moja na ni ya Alhaji, kosa la tangazo ni la kipaza sauti, lakini bure ipo. Nikasema leo hapa kuna arusi ya Tanga, na kila mtu ataiona bila kiingilio, ila chumba ni kidogo, kwa hiyo tivii itatolewa barazani. Na yeyote atakayeniazima kitu cha kufanikisha jambo hili, mimi fundi mwenye diploma nitamfanyia kazi moja bure, siku yoyote atakayotaka, hadi nitakapoacha kazi.

"Umeshasema," Kagaruki alisema kutoka ngazini. "Mtendaji, andika."

Mtendaji akaigeuza orodha ya kaya, akaandika nyuma yake. Ndipo nikajua watu wetu wana nini. Mchomeleaji wa mageti aliazima jenereta. Mzee wa kanisa aliazima mabenchi manane, kwa sharti yasikaliwe na watu waliokunywa rubisi. Mwingine waya mrefu, mwingine dumu la petroli, wengine nguzo za kuegemezea migomba yenye mikungu, tukazisimika mbele ya baraza. Jua lilikuwa kali na tivii haipendi jua, kwa hiyo wanawake wakavua vitenge vyao vya juu, tukavifunga kwenye zile nguzo hadi baraza likawa na giza la kutosha.

Wa mwisho kuazima alikuwa Mama Kemilembe. Alikuwa ametoka Nyakatuntu nyuma ya pikipiki kwa umri wake. Alikifungua kitenge chake, akakikunja, akanikabidhi, kisha akamgeukia mtendaji.

"Mimi niandike deki," alisema. "Deki ya bure, kama ilivyotangazwa."

Nilimwambia kwa upole kwamba nitamtengenezea, ailete tu Kayanga.

"Siwezi kuibeba. Utakuja wewe."

Nikafikiri amenunuliwa mashine kubwa na wanawe. Nikakubali, maana jenereta lilikuwa limeshaanza kunguruma. Mtendaji akaandika jina la arobaini na moja: Mama Kemilembe, kitenge kimoja, deki.

Nikaiweka diski. Deki iliizungusha, ikanyamaza, ikaizungusha tena, na kwa muda tivii ilikuwa nyeusi. Niliinama karibu na deki, nikasikiliza. Haikuwa ikisaga. Ilikuwa inasoma. Nikaunyanyua mkono kuwaambia watu wasubiri, na kabla sijaushusha, Tanga ikafunguka mbele yetu.

Mimi nimeona picha nyingi, lakini siku ile hata mimi nilisahau kujisifu. Tulihesabu karafuu kwenye pilau. Tulimwona nzi juu ya bega la mshenga. Bwana arusi alipopiga magoti tulisoma bei kwenye soli ya kiatu chake. Umati uliokuja na magunia ulipiga vigelegele bibi arusi alipotoka, mwanamke mmoja wa Chonyonyo akamshauri kupitia kioo asilie sana, na wazee wakavua kofia sheikh alipoomba dua, bila kujali dua ni ya dini gani.

Bi Zuhura alitazama kila uso hadi wakati wa chakula. Hapo akainyoosha fimbo yake kwenye tivii.

"Yule nyuma pale si Shabani aliyesema anaumwa, hawezi kuchangia?"

"Ndiye, mama," alisema Alhaji.

"Na sahani ile ya pili?"

"Ya kwake vilevile."

"Mashine nzuri," alisema Bi Zuhura. "Rudisha mwanzo."

Tuliiona mara tatu. Alhaji alipokea oda za deki nne siku ile na hakulivunja jina langu. Fundi wa Mwanza hakuitwa.

Mabenchi, jenereta, nguzo na vitenge nilivirudisha kabla ya Jumatatu. Lakini zile kazi arobaini na moja zilinichukua miaka. Mchomeleaji alileta friji. Mzee wa kanisa alileta amplifaya iliyokuwa na viota viwili vya panya. Mwenye nguzo alileta baiskeli, nikamwambia mimi ni fundi wa elektroniki, akaniuliza kama orodha imeandika elektroniki. Nilitengeneza baiskeli. Baba mdogo alikutwa ameandikwa mara tatu kwa majina yake yote matatu, na zote nikamlipa. Kila niliyemaliza nilimpigia mstari kwenye orodha aliyoniachia mtendaji, kwa kalamu na rula.

Likabaki jina moja. Nilikutana na Mama Kemilembe msibani, sokoni, kwenye ubatizo. Kila mara nilimsalimu shikamoo, akajibu marahaba, kisha, "Fundi, deki yangu." Nilimuuliza kama ameshavuta umeme. Aliniuliza umeme wa nini. Nilicheka, nikaona ni uzee. Na kusema kweli, mtu wa hadhi yangu hakimbii kijijini kutafuta deki katika nyumba isiyo na waya. Kagaruki, Mungu amrehemu, aliniambia mara ya mwisho nilipomtembelea kitandani, "Yule mama umeshamuuliza anataka kuona nini?" Nilisema nitamuuliza.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa nimeshafunga kila kitu, nikaitoa orodha. Mstaafu haondoki na jina moja halijafutwa. Nikachukua mita, bisibisi zote sita, na deki ndogo ya sola niliyokusudia kumpa, nikaenda Nyakatuntu.

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda. Tulipomaliza kusalimiana nikamuuliza, "Mama, unataka kuona nini?"

"Sakafu," alisema.

Akanieleza bila haraka. Nyumba yake ya zamani ilitandikwa nyasi, na nyasi zikichakaa unatoa, unatandika nyingine. Wanawe wakamjengea hii ya saruji, wakaondoka, wakamwambia, mama, sakafu hii haitandikwi, inapigwa deki. Mgongo wake haukutaka. Basi siku moja akasikia pikipiki ikipita ikitangaza kwamba yule mtoto wa jirani mwenye diploma ana deki ya bure Jumamosi.

"Nikasema, kumbe shule inafaa," alisema.

"Mama, deki ile ilikuwa mashine ya kuonyesha arusi."

"Nilikuwepo. Niliitazama mara zote tatu, ilikuwa nzuri. Lakini mimi niliandikwa nini?"

Nikaifungua orodha, ingawa nilijua. Kitenge kimoja, deki.

Ndoo ilikuwa tayari. Tambara lilikuwa tayari. Nikavua koti, viatu na soksi, nikakunja suruali hadi magotini, nikazitoa kalamu zangu mbili mfukoni na kumpa azishike pamoja na ile orodha. Niligoma kidogo kuinama, nakiri; nilijaribu kwanza kulisukuma tambara kwa mguu. Alinitazama tu kama siku ile niliposhuka kwenye gari. Nikainama.

Nilianza mlangoni nikienda ndani, kwa bidii, kwa mistari iliyonyooka, na sakafu ikang'aa nyuma yangu hadi nikajiona. Nilipiga sebule, nikapiga chini ya meza, nikaingia uvunguni mwa kabati kwa tumbo.

"Kumbe unapinda," nilisikia sauti yake.

Nilipotoka uvunguni nilikuwa kwenye kona ya mwisho kabisa ya nyumba, tambara mkononi, na kati yangu na mlango kulikuwa na sakafu yote iliyolowa. Mama Kemilembe alikuwa amechagua moja ya kalamu zangu na kujipigia mstari yeye mwenyewe, bila rula.

"Deki huanzia ndani, mwanangu, ikaja mlangoni," alisema. "Hawakukufundisha? Haya, usinikanyagie. Kaa hapo pakauke."

Kulikuwa na kigoda kingine pale konani. Nikakaa, miguu juu, sidaiwi na mtu yeyote wilayani Karagwe wala Kyerwa, nikangoja sakafu ikauke.